Ko-ko-ko Chini ya Boneti: Mafunzo Niliyopata kwa Kusaka Mlio wa Hilux ya Zamani

Hilux yangu ni dabo kabini ya dizeli ya miaka ya tisini, injini 3L. Kazi yake ni kupandisha vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni, kuvuka mlima Kitonga, hadi Iringa mjini. Haina kompyuta wala taa za kutisha kwenye dashibodi. Ikiwa na shida, husema kwa moshi, kwa joto au kwa mlio.

Safari hii ilisema kwa mlio. Injini ikishapata moto na gari likiwa kwenye sailensa, ilianza kugonga: ko-ko-ko, mkavu, wa chuma kwa chuma. Ukiongeza mafuta unapotea, ukiachia unarudi. Kila gereji niliyopita ilikuwa na jibu lake. Mmoja alisikiliza kidogo tu akasema, "Dada, hii imenoki. Tushushe injini." Mwingine akataka kubadilisha nozeli zote. Wa tatu alilaumu cheni ya taimingi. Wote walinitajia bei kabla ya kushika spana.

Mwishowe ilibainika kwamba injini yenyewe ilikuwa nzima. Kilichokuwa kinagonga ni kifaa kinachoenea kiganjani, na tulikipata bila kufungua hata silinda hedi. Haya ndiyo niliyojifunza njiani.

1. Mlio una tabia zake. Ziandike kabla hujamwita fundi

Swali la kwanza la fundi huwa "Inaliaje?", na mwenye gari huanza kuigiza kwa mdomo. Kuigiza hakumfikishi mtu mbali, maana milio mingi ya injini ikishapita mdomoni hufanana. La maana zaidi ni kujua inalia wakati gani.

Nilichukua daftari la mauzo ya vitunguu, nikafungua ukurasa wa nyuma, nikaandika maswali na majibu. Asubuhi injini ikiwa baridi, inalia? Hapana. Ikishapata moto? Ndiyo. Gari likiwa limesimama? Ndiyo. Likipanda Kitonga na mzigo, gia ya pili? Sisikii. Ukikanyaga klachi inabadilika? Hapana. Ukikata usukani? Hapana. Ukikanyaga breki gari likiwa limesimama? Hapa nilipata jibu la ajabu: mlio ulilainika kidogo, kisha ukarudi kama kawaida.

Kila jibu huondoa mshukiwa. Gari limesimama na bado linalia, basi propela shafti, difu na beringi za magurudumu hazimo. Klachi haibadilishi kitu, basi beringi ya klachi si ya kwanza kutazamwa. Usukani haubadilishi kitu, basi pampu ya usukani nayo inashuka kwenye orodha. Sikujua jibu la breki lina maana gani, lakini niliandika hivyohivyo. Daftari zuri la mlio hubeba hata yale ambayo mwandishi wake hayaelewi.

2. Ijue injini yako kwa jina

3L ni injini ya Toyota yenye silinda nne na ujazo wa cc 2,779, dizeli ya mtindo wa zamani: haina turbo, na pampu yake ya dizeli ni ya kimakanika. Taimingi yake huendeshwa na mkanda wa mpira. Cheni haimo. Kwa hiyo aliyelaumu cheni alikuwa amelaumu kitu ambacho hakipo.

Hata tapeti zake hazina skrubu ya kukaza. Nafasi ya valvu hurekebishwa kwa visahani vyembamba vya chuma, vishimu, vinavyopimwa na kubadilishwa kimoja kimoja. Mtu akikuahidi kukaza tapeti za 3L kwa bisibisi wakati unakunywa chai, hajawahi kufungua kifuniko chake.

Sikumdharau fundi yule. Hilux za umbo hilohilo zilitoka pia na 22R, injini ya petroli, na hiyo kweli ina cheni ya taimingi na tapeti za kurekebisha kwa spana na bisibisi. Alikuwa anaitibu injini aliyoizoea. Ndiyo maana siku hizi nikifika gereji nataja herufi na namba za injini kabla ya kutaja ugonjwa. Zimegongwa kwenye bloku, na magari mengi ya Toyota yanazo pia kwenye kibati kilichomo ndani ya boneti. Anayeijua injini hiyo utamwona usoni kabla hajasema neno.

3. Pima kasi ya mlio, usipime ukali wake peke yake

Sisi wenye magari hutishwa na ukali wa mlio. Fundi mzuri husikiliza pia mwendo wake.

Kwenye injini ya mipigo minne, krenki huzunguka mara mbili wakati kamshafti inazunguka mara moja. Sailensa ikiwa mizunguko 800 kwa dakika, kamshafti inakwenda 400. Kila valvu hupiga mara 400, na nozeli ya kila silinda hupuliza dizeli mara 400. Alterneta ina puli ndogo kuliko ya krenki, kwa hiyo huzunguka zaidi ya mara mbili ya mwendo wa krenki. Mlio wa valvu au wa nozeli moja huja taratibu, na mlio wa kitu kinachozungushwa na mkanda mara nyingi huja kwa haraka zaidi.

Hakuna sikio linaloweza kuhesabu 400 kwa dakika, ila vidole vinaweza kulinganisha. Fundi niliyempata baadaye, kijana mpole asiyependa maneno mengi, aliniambia nishike bomba la chuma linalokwenda kwenye nozeli moja, kwa vidole viwili. Unahisi mpigo ukipita ndani: tu, tu, tu. Hiyo ndiyo silinda moja ikipewa dizeli yake. Kisha akaniambia nisikilize ko-ko-ko bila kuachia bomba. Mlio ulikuwa unayaacha nyuma mapigo ya vidoleni mwangu. Kwa hiyo kama mlio ulitoka kwenye nozeli, haukuwa wa nozeli ile moja, na kama ulikuwa wa valvu, haukuwa wa valvu moja.

Kipimo hiki hakikumtaja mwenye kosa. Kilituambia tu kwamba tutafute kitu kinachokwenda mbio kuliko kamshafti.

4. Anza na vya bure

Gari lililozeeka halilii mlio mmoja. Kabla ya kutafuta ule unaokutisha, nyamazisha yote inayoweza kunyamazishwa kwa mkono, kwa waya na kwa spana.

Injini ikiwa imezimwa na imepoa, tulitikisa kila kinachotikisika: kinga ya chini, kibebeo cha betri, kava la feni, bomba la ekzozi pale linapopita karibu na chesesi. Bati la kuzuia joto la ekzozi lilikuwa limekatika mguu mmoja. Tulilifunga kwa waya, na mlio mdogo wa kuchakarisha ambao hata sikujua kuwa upo ukaisha. Ko-ko-ko ilibaki, tena sasa ikasikika safi zaidi kwa kuwa haina mwenzake wa kuichafua.

Kisha maunti za injini. Dereva hukaa ndani, anakanyaga breki kwa nguvu, anaweka gia ya kwanza na kuachia klachi kidogo tu, kisha gia ya nyuma vivyo hivyo, wakati mtu mwingine anatazama injini kutoka ubavuni, si mbele ya gari. Injini ikiruka juu kwa upande mmoja, maunti imekatika. Yetu iliinama kidogo na kurudi, kama inavyopasa.

Neno moja kwa kina mama wenzangu na kwa yeyote mwenye nguo inayoning'inia: mtandio, kitenge cha kujifunga na tai haviingii ndani ya boneti ya injini inayozunguka. Feni ya gari hili huendeshwa na mkanda moja kwa moja. Haina muda wa kusubiri uvute nguo.

5. Chuma husafirisha mlio

Chombo cha kusikilizia kwenye gereji nyingi ni bisibisi ndefu: ncha unaigusisha kwenye injini, mpini unaubana kwenye mfupa wa karibu na sikio. Inafanya kazi vizuri mno, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Injini ni kama nyumba ya kupanga yenye dari moja isiyo na kizuizi: ugomvi wa chumba cha mwisho unausikia chumba cha kwanza, na kila mpangaji ataapa kwamba unatoka kwa jirani yake.

Fundi wa kwanza alisikiliza bloku, akasikia kugonga ndani ya bloku, akahitimisha konrodi. Hakukosea kusikia. Kugonga kulikuwepo kwenye bloku, kwa sababu chochote kilichofungwa kwa bolti kwenye bloku huupitishia mlio wake.

Kwa hiyo swali la kuiuliza bisibisi si "Hapa panalia?" Swali ni "Kati ya hapa na pale, wapi zaidi?" Tuligusa pointi nyingi, moja baada ya nyingine, tukirudi ile ya kwanza kila mara ili sikio lisisahau: kifuniko cha valvu, bloku chini, pampu ya dizeli, mkono unaoshika alterneta, nyumba ya pampu ya maji. Upande wa mbele ulizidi upande wa nyuma. Mkono wa alterneta ulizidi bloku. Bado haukuwa ushahidi wa kutosha kununulia spea, lakini ulikuwa mwelekeo.

Kwa milio ya upepo tumia kipande cha mpira wa maji badala ya bisibisi: upande mmoja sikioni, mwingine unautembeza karibu na gasketi ya manifodi ya ekzozi bila kugusa. Moshi unaovuja hapo hugonga kwa namna inayofanana sana na valvu. Aghalabu hulia zaidi injini ikiwa baridi, kisha hupungua chuma kinapopata moto na kutanuka. Mlio wangu ulifanya kinyume chake, kwa hiyo manifodi nayo tukaiacha.

6. Kabla injini haijashushwa, iulize oili

Dai la kwamba injini imenoki ni dai zito, na lina shahidi wake. Beringi za konrodi au za krenki zikisagika, kilichosagika hakipotei. Kinaingia kwenye oili, na chujio hukikamata.

Tulimwaga oili ikiwa bado vuguvugu kwenye beseni safi, kisha fundi akakata chujio la zamani kwa msumeno wa chuma pembeni kabisa, karibu na kitako, ili vumbi la bati lisiingie kwenye karatasi ya ndani. Aliitoa ile karatasi yenye mikunjo, akaikata, akaitandaza juu ya gazeti juani. Akapitisha sumaku. Kisha akanifundisha jambo ambalo wengi hulisahau: sumaku hukamata chuma tu. Tabaka la beringi hutengenezwa kwa madini laini kama shaba, bati, risasi au alumini, na hayo sumaku haiyaoni. Inabidi uinamishe karatasi huku na huku kwenye jua utafute kumetameta.

Kulikuwa na weusi wa masizi, kama kwenye dizeli yoyote. Hakuna kilichometameta. Kwenye beseni pia, baada ya oili kutulia na kumwagwa polepole, chini palikuwa safi.

Baada ya kuweka oili mpya, alitoa swichi ya taa ya oili, akafunga geji ya kupimia presha mahali pake, akaiacha injini ipate moto mpaka mlio ukaanza. Presha ilisimama imara kwenye sailensa na ikapanda vizuri alipoongeza mafuta. Beringi zilizokwisha huachia oili ipite ovyo, na presha ya injini ya moto hushuka. Kwa vipimo hivyo viwili, habari ya kushusha injini iliishia pale, na mamilioni ya ovahoo yakabaki mfukoni.

7. Mlio unapatikana kwa kuuzima

Kama msomaji atabeba funzo moja tu, abebe hili. Sikio hukupa fununu. Ushahidi unaupata pale unapokiondoa kitu kimoja kazini na mlio ukanyamaza, ukakirudisha na mlio ukarudi.

Tulianza na nozeli. Injini ikiwa kwenye sailensa, fundi alilegeza kwa spana namba 17 nati ya bomba la nozeli ya kwanza, akiwa ameizungushia kitambaa kinene. Dizeli ikavujia nje, silinda ile ikaacha kufanya kazi, injini ikaanza kutetemeka. Kama kinachogonga ni nozeli hiyo, au konrodi ya silinda hiyo, mlio hupungua au kubadilika mara moja. Ko-ko-ko ikaendelea kama haikuambiwa kitu. Alikaza, akahamia ya pili, ya tatu, ya nne. Jibu lilikuwa lilelile. Yule aliyetaka kuniuzia nozeli zote alikuwa amepata jibu lake.

Onyo: njia hii ni ya dizeli za zamani zenye pampu ya kimakanika peke yake, na hata huko mkono hausogezwi mahali dizeli inaporuka, maana kwa presha ya nozeli inaweza kupenya ngozi. Kwenye dizeli za kisasa za komoni reli usijaribu kabisa. Presha mle ndani huzidi baa 1,000, na dizeli inayoruka kwa nguvu hiyo huingia mwilini bila jeraha kubwa la kuonekana, kisha huua nyama kwa ndani. Watu wamekatwa vidole na mikono kwa ajili hiyo.

Baada ya nozeli ikaja mikanda. Ya AC ilikuwa imeshatolewa zamani, kwani AC yenyewe ilikufa. Tukatoa ya usukani, tukawasha: mlio upo. Ikabaki mikanda ya feni, ambayo kwenye gari hili huzungusha pampu ya maji, feni na alterneta kwa pamoja. Ukiitoa, injini haina wa kuipoza, na sisi tulihitaji injini ya moto kwa kuwa ikiwa baridi hailii. Ndiyo maana jaribio hili ni la kuwasha, kusikiliza na kuzima upesi, kabla hata dakika haijaisha.

Tuliwasha. Ngurumo ya kawaida ya dizeli, na hakuna ko-ko-ko. Tukazima, tukarudisha mikanda, tukawasha: ko-ko-ko. Kijana wa gereji aliyekuwa anatushikia tochi akasema, "Kumbe iko nje!" Ndivyo ilivyokuwa. Mlio wote ule uliokuwa ukitajwa kuwa konrodi ulikuwa nje ya injini.

Mikanda ikiwa imetolewa tena, tukazungusha kila puli kwa mkono. Pampu ya maji ilizunguka laini, haina mchezo. Alterneta ilizunguka kidogo, ikakwama kidogo, ikaachia kwa kishindo: ko.

8. Dalili inayoonekana haihusiki ndiyo uirudie

Tuliibeba alterneta kwa mzee mmoja fundi umeme wa magari. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee." Akajibu "Marahaba," akaipokea, akaigeuza nyuma, na kabla hajaifungua akaniuliza, "Mama, breki yako inakuwaje?"

Nikakumbuka daftari. Nikamweleza kuhusu mlio kulainika nikikanyaga breki. Nikaongeza kwamba kwenye foleni, nikikanyaga mara kwa mara, pedali ilikuwa imeanza kuwa ngumu, jambo nililolihesabu kuwa uzee wa gari. Akatabasamu, akachukua spana.

Gari la petroli hupata vakyumu ya kusaidia breki kutoka kwenye manifodi yake ya hewa, pale inapovuta hewa kupitia mlango uliofungwa nusu. Dizeli ya kawaida haina kizuizi hicho, kwa hiyo haina vakyumu ya kutosha, na hulazimika kuwa na pampu yake. Kwenye 3L pampu hiyo ya vakyumu imefungwa mgongoni mwa alterneta na huzungushwa na shafti ileile. Ndani yake kuna rota yenye mifereji, na ndani ya mifereji kuna vibao vyembamba vinavyoteleza kutoka na kuingia huku vikisugua ukuta wa pampu. Huduma yake ni oili ya injini, inayoletwa kwa mpira mwembamba na kurudi kwa mpira mnene.

Mzee alipofungua tuliona kila kitu. Kingo za vibao zilikuwa zimelika hadi kupinda, na mifereji imepanuka. Meno ya shafti yalikuwa na mchezo unaouona kwa macho. Sili imechoka, na oili ilikuwa imepenya hadi kwenye kaboni za alterneta. Akanipitisha kwenye daftari langu jibu kwa jibu. Inalia ya moto kwa sababu oili ya baridi ni nzito na huvishika vibao, na ikipata moto huwa nyepesi navyo hucheza. Inanyamaza ukiongeza mafuta kwa sababu rota ikikimbia, vibao husukumwa nje na kubanwa ukutani, havipati nafasi ya kurukaruka. Inalainika ukikanyaga breki kwa sababu busta ya breki hurudishia pampu hewa, na nguvu inayovigongesha vibao hupungua kwa muda.

Hakuna aliyeniuliza habari za breki kwenye gereji nilizopita, na kwa haki yao, mimi nilikuja na habari za injini. Lakini dalili mbili zikianza kipindi kimoja, zichukulie kuwa ndugu mpaka zithibitishe vinginevyo. Na hii ya pili ndiyo iliyokuwa na hatari kubwa zaidi: ningeweza kuishi na mlio kwa miezi, ila si kushuka Kitonga na vitunguu mgongoni wakati pampu ya vakyumu inakufa.

9. Usifunge kipya kabla hujajua kilichoua cha zamani

Pampu nyingine ilipatikana, na kila mtu alitaka kufunga tuondoke. Mzee akakataa. Akachukua mpira mwembamba wa oili, akaupuliza. Hewa ilipita kwa shida. Ndani ulikuwa umejaa tope jeusi lililoganda, na oili ilikuwa inafika kwa matone. Pampu mpya ingekauka na kusagika vilevile. Tulisafisha njia yote hadi kwenye bloku na kuweka mpira mpya, na tangu hapo oili naibadilisha kila kilomita 5,000 bila kuongeza hata safari moja ya ziada.

Kama unanunua ya mtumba, Ilala au kwingineko, usiiridhie kwa kuitazama. Izungushe kwa mkono usikilize. Ikiwezekana ifunguliwe kaunta uone vibao na meno. Ilinganishe na ya kwako kwa idadi ya meno na mahali mipira inapoingia. Muuzaji anayekataa isifunguliwe amekwisha kukujibu.

Baada ya kufunga, kuna kipimo cha breki ambacho kila mwenye gari anaweza kukifanya mwenyewe. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu. Acha mguu juu yake, kisha washa. Pedali inapaswa kuzama kidogo chini ya mguu. Ikizama, vakyumu inafika. Isipozama, usiondoke gereji.

10. Lipia kutafuta, siyo kutengeneza peke yake

Nimewafikiria sana wale mafundi wa mwanzo, na sidhani walitaka kunidhulumu. Sisi wenye magari ndio tumewazoesha hivyo. Tunalipia spea na tunalipia kufunga. Saa ambazo fundi anainama akisikiliza, akilegeza nati na kuikaza tena bila kubadilisha kitu, tunaziita "kuangalia tu," na kuangalia hakuna bei. Fundi mwenye watoto wa kulisha atatafuta kitu cha kubadilisha. Atabadilisha nozeli, mlio utabaki, atabadilisha kingine, nawe utakuwa unalipia kubahatisha kwa bei ya uhakika.

Yule kijana mpole nilikubaliana naye mapema: siku ya kutafuta ina malipo yake, tupate tusipate, na bei ya kutengeneza tutaizungumza tukishajua tunatengeneza nini. Mwanzoni alidhani namtania. Alipoona pesa ya siku ya kwanza, ya kukata chujio na kulegeza nati, hakuharakisha tena. Jumla ya malipo yake, ya mzee na ya pampu haikufika karibu na gharama ya kushusha injini.

Siku hizi gereji yoyote naingia na maswali matatu. Kutafuta ni shilingi ngapi? Utakizima vipi hicho unachokishuku ili tuone mlio ukinyamaza? Na ukishakibadilisha, cha zamani nitakiona kikiwa kimefunguliwa? Anayeyajibu yote matatu namwachia ufunguo. Anayecheka swali la kwanza namshukuru, nafunga boneti, naendelea na safari.